Shangazi wa Mahesabu: Bati Zimeruka, Hela Iko Kwenye Zabibu

Mbukwenyi wapendwa. Mwezi huu barua nyingi ni za nyumba, na sishangai maana huu upepo wa Dodoma ukishaanza mwezi wa saba hauulizi nani kapaua vizuri na nani kapaua kwa matumaini. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ukiielewa hiyo, zingine zote unaweza kujijibu mwenyewe.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Sabasaba, tunakaa Nkuhungu kwenye nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na sebule. Wiki mbili zilizopita upepo umebeba bati upande mzima wa nyuma na fundi anasema tubadilishe paa lote, bati 52 za geji 28. Keshi ninayo laki tano tu. Duka moja la hadwea wamekubali kutupa mali kauli, tutangulize hiyo laki tano halafu tumalizie kwa miezi mitano, ila bati inayouzwa 32,000 sisi tutaandikiwa 40,000. Muuzaji anasema hamna riba kabisa hiyo ni bei ya mkopo tu. Mume wangu yeye amepata watu wanatoa milioni moja siku hiyo hiyo bila maneno mengi, unarudisha 325,000 kila wiki kwa wiki nne. Nina kikoba pia, hisa zangu ni laki nne, tunakopa mara tatu ya hisa kwa riba ya asilimia 10 na unarejesha ndani ya miezi minne. Kwa siku genge linanibakizia elfu kumi na tano, siku nzuri ishirini. Nishike lipi? Mama Nkuhungu.

Marahaba mwanangu, pole sana kwa bati. Chukua kalamu tuandike pamoja.

Bati 52 kwa 32,000 ni 1,664,000. Kwa 40,000 ni 2,080,000. Tofauti ni 416,000 na huyo muuzaji anakuambia hamna riba, sasa hiyo laki nne na kumi na sita ni nini, sadaka? Bei ya mkopo ni riba iliyovalishwa kanga. Na ngoja uone ubaya wake, kwa sababu watu wengi wanaishia kwenye hiyo tofauti wanasema aah laki nne kwa miezi mitano siyo mbaya. Wewe unatanguliza laki tano siku ya kwanza, maana yake kwa bei ya keshi kitu anachokukopesha kweli ni 1,164,000 tu. Gawanya 416,000 kwa 1,164,000 unapata karibu asilimia 36, igawe kwa miezi mitano ni kama asilimia 7 kila mwezi, na hapo tumehesabu kama deni halipungui wakati wewe unalipunguza kila mwezi! Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hizi kampuni na watu binafsi wenye leseni ya kukopesha, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo muuza bati asiye na riba ana riba mara mbili ya mkopeshaji mwenye leseni. Simsemi vibaya, mali yake na yeye anaogopa hasara, ila ujue unanunua nini.

Hao wa mumeo. 325,000 mara nne ni 1,300,000. Asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Hiyo ndiyo kausha damu yenyewe mwanangu, haina jina lingine, na genge linalobakiza elfu kumi na tano kwa siku linakupa laki moja na elfu tano kwa wiki, sasa hiyo 325,000 ya wiki itatoka kwenye sufuria gani? Wiki ya pili watakuja kubeba friji. Mwambie baba watoto Shangazi amesema hapana, na kama wameomba waachiwe kadi ya benki na namba ya siri au kitambulisho cha NIDA kama dhamana, basi hapo hata usimalize kusikiliza.

Sasa kikoba. Hisa laki nne mara tatu unakopa 1,200,000, unarudisha 1,320,000. Ukijumlisha na laki tano yako una 1,700,000, unaenda dukani na keshi unachukua bati zote kwa 1,664,000 na unabaki na 36,000 ya misumari. Riba ni 120,000 badala ya 416,000, na ile riba haiendi kwa mtu, inaingia kwenye mfuko wenu, mkivunja kikoba mwisho wa mwaka nawe unagawiwa humo humo. Rejesho litakuwa 330,000 kwa mwezi, la dukani ni 316,000, yaani unaongeza 14,000 tu kwa mwezi na unamaliza mwezi mmoja mapema. Ukianza kurejesha mwezi wa tisa unamaliza wa kumi na mbili, kabla Januari haijaja na sare na madaftari yake. Mimi hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Lakini. 330,000 ni 11,000 kila siku, hata Jumapili, hata siku mtoto anaumwa, kwenye genge linalobakiza 15,000. Inabana. Ndiyo maana nataka urudi kwa fundi kabla hujakopa hata shilingi. Upepo umebeba upande wa nyuma, kwanini abadilishe paa lote? Mwambie apande na mtu mwingine unayemwamini waangalie kenchi, yaani mbao zinazobeba bati. Huku kwetu mara nyingi tatizo siyo bati, mbao zimeliwa na mchwa, msumari umebaki unashika unga. Kama ni hivyo hata ukiweka bati mpya za geji 28 juu ya mbao zile zile mwakani unaniandikia tena. Kama upande wa mbele ni mzima na unahitaji bati 30 tu, hiyo ni 960,000, toa laki tano yako unakopa 460,000 na unarudisha 506,000, rejesho linashuka mpaka kama 126,500 kwa mwezi. Umeona? Mkopo wa bei rahisi kuliko yote ni ule wa bati ambazo hukuzihitaji. Hela kidogo itakayobaki ipeleke kwenye dawa ya mchwa na misumari ya bati yenye raba, na zile zilizoruka zikaanguka salama usimwachie fundi aondoke nazo eti ni chakavu, zinafunika jiko na choo.

Na kitu kimoja cha kikoba ambacho watu hawaulizi mpaka waaibike, muulize mweka hazina leo kama sandukuni kuna hela. Haki ya kukopa milioni na laki mbili ni jambo moja, na hiyo milioni na laki mbili kuwepo ni lingine, mwezi wa nane kila mtu bati zake zimeruka.

Habari za kazi Shangazi. Mimi ni kijana mtumishi wa serikali, ofisi ziko Mtumba, nimejenga Iyumbu nyumba imepauliwa lakini ndani bado. Nimepanga Ilazo nalipa 150,000 kwa mwezi. Basic yangu, yaani mshahara wa msingi, ni 900,000 na bodi ya mikopo ya wanafunzi wananikata. Nataka nikope milioni 6 benki nipige tiles, gypsum, milango, madirisha ya alumini, choo na rangi nimalize kila kitu mara moja. Afisa mikopo amesema miaka mitano nisiumie. Wewe unaonaje?

Mwanangu afisa mikopo hajakudanganya, ila yeye anaangalia usiumie mwezi huu, mimi naangalia usiumie miaka mitano.

Tuanze na mshahara maana watu wengi mnauangalia ule wa juu. Kwenye 900,000 PSSSF, yaani mfuko wa pensheni, wanachukua asilimia 5, bima ya afya 3, bodi ya mikopo 15, na kodi ya mapato kwa mshahara huo ni kama 91,750. Jumla inakatwa kama 298,750. Na mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako ni laki tatu, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa ni kama laki tatu na kidogo. Hiyo ni dari, siyo lengo! Vijana mkisikia nafasi ya laki tatu mnaijaza yote halafu mnaanza kuishi kwa kukopa nauli.

Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka na inahesabiwa kwenye deni linalopungua (nimeweka 15 ya mfano tu, wewe waulize yako). Milioni 6 kwa miaka mitano rejesho ni kama 142,700, ukimaliza umelipa kama 8,564,000. Kwa miaka mitatu ni kama 208,000 kwa mwezi na jumla 7,488,000 hivi. Kwa miaka miwili ni 291,000 na jumla karibu 6,982,000. Miaka mitano inakugharimu riba milioni mbili na nusu na ushee, miaka miwili haifiki hata milioni moja. Ila ya miaka miwili itakuacha na laki tatu na elfu kumi na hapo bado una kodi ya Ilazo, huwezi.

Kwa hiyo nakuuliza swali lingine, nani kakwambia umalize kila kitu mara moja? Hiyo nyumba unahitaji nini ili uhamie? Milango, madirisha yenye nondo, choo kinachofanya kazi, umeme na maji. Gypsum ya mikunjo mitatu yenye taa za bluu haimzuii mwizi. Tuseme vitu vya kuhamia vinakula milioni 3.5, kwa miaka miwili na riba ile ile rejesho ni kama 170,000. Na siku unayohamia ile 150,000 ya Ilazo inaacha kutoka mfukoni. Yaani mwenye nyumba wako ndiye kama anakulipia mkopo, wewe unaongeza elfu ishirini! Sakafu kaa na saruji laini kwanza, tandika mkeka, wageni wakicheka wape chai. Tiles utazinunua chumba kwa chumba. Nauli ya Iyumbu mpaka Mtumba usisahau kuiweka kwenye hesabu.

Muulize afisa mambo matatu na akuandikie: riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye hela yote niliyokopa mwanzo, ada ya maombi na bima ya mkopo ni kiasi gani na zinakatwa mwanzo au la, na nikitaka kumaliza mapema kuna faini? La kwanza ndilo linaloua watu. Milioni 2 kwa asilimia 3 kwa mwezi, mwaka mmoja, ikihesabiwa kwenye hela yote ya mwanzo riba ni 720,000, ikihesabiwa kwenye deni linalopungua ni kama 411,000. Asilimia tatu ile ile, kwa mdomo zinafanana kabisa.

Halafu ile simu itakayokuja baada ya miezi minane, ndugu mteja unaweza kutopu apu mkopo wako, yaani kuongeza mkopo juu ya mkopo… usipokee. Au pokea ukate. Nimeona watumishi waliokopa kwa ajili ya paa mwaka wa kwanza na wanastaafu wakiwa bado wanalipa paa lile lile.

Mbukwa Shangazi. Mimi mkulima wa zabibu huku Mpunguzi. Nataka simtank la lita 5,000 na gata maana maji ya bomba yanakuja kwa zamu na tunanunua kwa madumu. Wauzaji wote wanaokopesha wanataka kila mwezi, mimi hela yangu iko shambani, naipata nikivuna. Nifanyeje?

Mbukwa ndugu yangu. Wewe ndiye mwenye akili kuliko wote mwezi huu kwa sababu umejiuliza hela yangu inaingia lini kabla ya kuuliza nani anakopesha.

Usikubali rejesho la kila mwezi hata liwe dogo namna gani. Mkulima akilipa kila mwezi analipa kwa kuuza kuku, akimaliza kuku anakopa pengine. Zabibu zetu bahati nzuri zinavunwa mara mbili kwa mwaka, sasa tumia hiyo. Kama uko kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wakulima waombe mkopo wa msimu, ulipe kwa mikupuo miwili, kila mavuno mkupuo mmoja. Kama hauko, nenda kwa muuzaji mpe nusu baada ya mavuno haya na uandikishane kwamba nusu nyingine ni mavuno yajayo, wenye maduka ya huku wanaijua zabibu, siyo wa Dar, atakuelewa. Umwache akuongeze kidogo kwenye bei lakini ile hesabu niliyomfanyia Mama Nkuhungu ifanye na wewe, ukitoa ulichotanguliza ndipo ujue unakopeshwa kiasi gani.

Ila mimi ningeanza na gata. Paa la mita za mraba 60 kila milimita moja ya mvua inakupa lita 60. Mvua ya Dodoma tunaijua ni ya Desemba mpaka Aprili na siyo nyingi, lakini hata milimita 500 kwa msimu ni lita 30,000 zinazopita juu ya bati zako, toa zinazomwagika bado unalijaza tenki lako mara kadhaa. Tenki bila gata ni pambo. Na jukwaa lake lijengwe na fundi wa kweli, lita 5,000 ni tani tano za maji, usiliweke juu ya tofali za kuazima.

Shangazi, mume wangu amechukua fomu ya mkopo wa kukarabati nyumba na dhamana ni hii hii nyumba tunayoishi, hajaniambia, nimeikuta kwenye mfuko wa suruali. Anaweza kweli? Naomba usitaje ninapokaa.

Sitaji mama. Kwa sheria nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, na Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 114 inasema hivyo hivyo kwa rehani. Mkopeshaji makini atakuita usaini na atakuuliza kama unaelewa. Sasa tatizo ni kwamba kuna wanaume wanapeleka mwanamke mwingine kusaini, au wanaapa kwamba hawajaoa, haya mambo yapo. Kwa hiyo usisubiri. Zungumza naye kwanza, labda alikuwa anatafuta namna ya kukuambia (mimi huwa napenda kuamini hivyo mpaka saa nne asubuhi). Asipoelewa, andika barua kwa huyo mkopeshaji kwamba wewe ni mke na hujaridhia, ambatisha kopi ya cheti cha ndoa, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kama nyumba ina hati unaweza pia kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, mwanasheria au msaidizi wa kisheria atakuonyesha fomu.

Na kama mkopo wenyewe ni wa maana, yaani paa linavuja kweli na marejesho yanawezekana, unaweza kuridhia. Ridhaa maana yake umeulizwa.

Shangazi kuna app imenipa 80,000 ya kununua rangi, baada ya siku saba wanataka 120,000 na wameanza kuwatumia meseji watu wote kwenye simu yangu hadi mchungaji. Na pia hizi hadwea za kulipia kidogo kidogo mzigo unakaa dukani, ni salama? Kijana wa Chang'ombe.

Pole, na mchungaji atakuombea. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni, angalia kama wako yumo. Piga picha za hizo meseji zote, usifute hata moja, upeleke malalamiko BoT, yaani hiyo hiyo Benki Kuu, wapo hapa hapa mjini, na matusi na vitisho ni vya polisi. Usikope app ya pili kulipa ya kwanza. Na siku nyingine app ikiomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu kabla ya kukupa elfu themanini, jua dhamana ni aibu yako.

Kudunduliza dukani mimi napenda, hamna riba hapo, ni akiba yako tu imekaa kwa mwenye duka. Ila yakinikuta mimi nayasema. Miaka kadhaa nyuma nililipia tiles za sebule kwa miezi minane, duka silitaji, risiti wananipa kila mara nzuri kabisa, mwezi wa tisa naenda kuchukua mzigo naambiwa zile zimeisha na bei imepanda, kuna zinazofanana. Nilikuwa nimeandikiwa kiasi cha hela, sikuandikiwa tiles. Kwa hiyo wewe ukilipa risiti iandikwe bidhaa gani, saizi, boksi ngapi, bei imefungwa mpaka tarehe fulani, na kila ukilipa za kutosha boksi moja chukua boksi lako nenda nalo nyumbani hata ukaliweke chini ya kitanda. Tiles ziangalie namba ya mzigo ubavuni mwa boksi, zisipolingana rangi zinapishana. Saruji usidundulize hivyo, ikikaa sana inaganda, hiyo inunue siku ya kazi.

Sebule yangu mpaka leo nusu ni krimu na nusu ni krimu nyingine, nimeweka kochi katikati.